Uliza pampu kwanza, bahari baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kuishi kwenye jengo refu la ghorofa katikati ya jiji kuna raha gani na karaha gani. Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tisa, tangu mwaka 2016. Miaka mitatu ya mwanzo tulikuwa wapangaji, halafu mimi na mume wangu tukainunua fleti ile ile. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Mbagala: nyumba yenye uwa, mwembe, na jirani anayekuja kuomba chumvi akaishia kumenya vitunguu. Kwa hiyo pande zote mbili nazijua.

Nianze na raha, maana zipo na sitaki kuzipunja. Mbagala nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri ili nigombee daladala, na jioni watoto walikuwa wanalala kabla sijafika. Sasa natembea kwa miguu dakika kumi na tano hadi ofisini Posta. Mvua za masika zikijaza bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, wenzangu wa Kimara na Mbezi wanapiga simu kuomba ruhusa; mimi nafungua mwavuli. Mama yangu ana kisukari, na kliniki yake iko Muhimbili. Zamani siku ya kliniki ilikuwa siku nzima ya nauli, jua na njaa. Sasa tunachukua bajaji, na saa nne asubuhi amesharudi anakunywa chai yake.

Juu kuna upepo. Kusi ikivuma usiku hatuwashi hata feni, na mbu ni wachache kiasi kwamba chandarua tulianza kukisahau, mpaka mtoto wa pili alipougua malaria baada ya likizo ya Mbagala. Mama amewekewa kitanda karibu na dirisha linalotazama baharini. Anahesabu meli zilizotia nanga zikisubiri zamu ya kuingia bandarini, na jioni ananiambia ngapi zimeondoka. Alfajiri adhana zinapishana kutoka misikiti mitatu au minne, mmoja ukimaliza mwingine ndio kwanza unaanza. Wanaotusumbua ni kunguru. Ukiacha sabuni ya kipande kwenye roshani, hesabu imekwenda.

Maisha ya jikoni yanabadilika, na hili wengi hawaambiwi. Kinu nilikirudisha Mbagala wiki ya pili, baada ya dada wa ghorofa ya nane kupanda na kuniambia kwa upole, "Dada yangu, kila ukitwanga taa yangu inacheza." Alisema kweli. Mkaa hauruhusiwi, kwa hiyo ni gesi tu, na wali wa nazi wa kupaliwa makaa juu naula nikienda kwa ndugu. Nguo hazianikwi mbele ya jengo. Shangazi yangu yuko Michenzani, Unguja, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yeye anateremsha kikapu kwa kamba, muuza mboga anatia mchicha, kikapu kinapanda. Kwetu ghorofa ya tisa kamba hiyo ni ndefu mno, na kamati ya jengo ingeikataza siku ya kwanza. Watoto nao hawana uwanja. Wa kwangu wamejifunza baiskeli kwenye maegesho ya chini, kati ya nguzo na magari, nami nimesimama roho mkononi.

Sasa karaha yenyewe. Maji ya DAWASA yanaishia kwenye tangi la chini. Kutoka pale pampu inayasukuma hadi tangi la juu ya paa, ndipo yateremke kwenye mabomba yetu. Umeme ukikatika, pampu inalala. Tangi la paa likikauka, watu wa ghorofa ya tisa mna kiu sawa na watu wa kijiji kisicho na kisima, huku bahari yote mnaitazama. Kipindi cha mgao wa umeme wa mwaka 2023 kuingia 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, tulijifunza bei ya dizeli kama madereva. Jenereta letu linaendesha lifti, pampu na taa za ngazi tu. Na dizeli inatoka kwenye ada ya mwezi, shilingi 120,000 kwa kila fleti.

Mwaka ule fleti kumi na tatu kati ya arobaini na nne zilikuwa hazilipi. Kamati ikaamua jenereta liwashwe kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni tu. Mama yangu na magoti yake alikaa ndani siku kumi na moja. Mkutanoni jirani wa ghorofa ya kwanza alisimama akasema yeye lifti haipandi, kwa nini ailipie? Nilimjibu mbele ya watu, na ningemjibu hivyo hivyo leo: paa lililo juu yangu ndilo linalokukinga wewe na mvua, na maji unayooga yamepita kwenye tangi lililo juu ya kichwa changu. Ukinunua fleti umenunua vyumba vyako pamoja na fungu katika lifti, pampu, ngazi, paa na mabomba ya maji machafu. Ndivyo inavyosema Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008: sehemu yako ni yako, maeneo ya pamoja ni ya wote kwa mafungu, na wamiliki wanakuwa na umoja wao wa kuyatunza. Umoja ukiwa legelege, jengo jipya la vioo linachakaa ndani ya miaka mitano. Nimeliona kwa macho, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Lakini niwaambie pia kilichonifanya nibaki.

Mwaka 2021 baba mkwe wangu alifariki nyumbani kwetu, saa saba usiku. Mbagala msiba una njia yake: turubai linafungwa barabarani, majirani wanatoa mikeka, wanawake wanajaa uani, moto wa kuni unawashwa. Ghorofa ya tisa turubai unafunga wapi? Mume wangu alimpigia katibu wa kamati, mtu ambaye mwezi uliotangulia tuligombana naye juu ya maegesho. Akasema, "Poleni sana. Magari niachieni mimi, nipeni nusu saa." Alipita mlango kwa mlango usiku ule, na kabla ya alfajiri magari yote yalikuwa yameondoka kwenye maegesho ya mbele na kupangwa kando ya barabara.

Asubuhi likaletwa jeneza la msikitini. Lifti yetu ni ya watu sita. Jeneza halikuingia ila kwa kusimamishwa wima, na hakuna aliyekubali mzee asimamishwe hivyo. Basi ngazi. Ngazi za jengo letu ni nyembamba, na kila kona vijana walilazimika kuliinua jeneza juu ya vyuma vya kushikia ngazi, wa mbele wamenyoosha mikono, wa nyuma wamepiga magoti, huku mtu mmoja akisema polepole "kushoto, kushoto, sasa shusha." Ghorofa ya sita mwanangu mkubwa alianza kutetemeka miguu. Mlango ukafunguliwa. Mzee wa Kihindi, ambaye kwa miaka mitano tulikuwa tunapungiana mikono tu kwenye lifti, akasema, "Ngojeni, ninao vijana wawili ndani." Wakatoka peku, wakapokea pembe mbili, wakashuka naye mpaka chini. Adhuhuri tulimswalia, tukamzika makaburi ya Kisutu. Pilau lilipikwa Mbagala, likaja kwenye pikapu.

Baada ya arobaini tuliitisha mkutano, tukaandika utaratibu wa msiba wa jengo letu: nani anaondoa magari, turubai linakaa siku tatu, choo cha walinzi kinafunguliwa kwa wageni. Nadhani ndio ukurasa muhimu kuliko yote kwenye kanuni zetu, na nashangaa wachoraji wa majengo hawa wanatuchorea bwawa la kuogelea bila kufikiria kwamba watu tunakufa.

Kuhusu hati nitasema kwa ufupi, ingawa ilituumiza. Aliyetuuzia alitupa mkataba na funguo siku ile ile. Hati ya sehemu yetu, ile watu wanayoiita hati pacha, tuliisubiri miaka miwili na miezi minne. Bila hati hiyo benki haikukopeshi kwa dhamana ya fleti, na ukitaka kuuza, mnunuzi makini anaondoka. Kumbuka vilevile kwamba ardhi yetu ina muda: hatimiliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Uliza kiwanja chini ya jengo kimebakiza miaka mingapi, maana hati ya fleti haiwezi kuishi muda mrefu kuliko hati ya kiwanja.

Na uliza aliyelijenga ni nani. Sisi wa katikati ya jiji hatujasahau Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukarudi tena kwenye vifusi, Kariakoo, ndugu wakisimama barabarani kutwa kusubiri majina. Tangu siku hiyo nimeanza kuzitazama nguzo za maegesho yetu kila nikishuka. Kiwanja cha jirani kilipoanza kuchimbwa tulidai mhandisi aje kukagua msingi wetu, tukachanga fedha, akaja. Ufa mmoja aliuwekea alama ya rangi na tarehe ili tuone kama unatembea. Haujatembea. Mlango wa ngazi za dharura nao tulikuta umefungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Tulilivunja, na bado kila baada ya miezi michache kuna anayelirudisha. Namba ya Zimamoto, 114, tumeibandika kila ghorofa, lakini namba haifungui kufuli.

Ungeniuliza kama ningerudi Mbagala, ningejibu hapana, kwa sababu ya mama na ile kliniki yake, na kwa sababu ya wale vijana wawili peku. Ila simshauri mtu anunue kwa kutazama dirishani. Nenda jioni, saa moja, watu wote wako nyumbani wanapika. Fungua bomba la ghorofa ya juu kabisa, uone maji yanakuja kwa nguvu gani. Omba kuona daftari la ada, fleti ngapi zinalipa na fedha za dharura zimebaki kiasi gani. Wakikuficha daftari, ondoka. Panda kwa ngazi mpaka kwenye fleti yako, ukipima kona kwa macho. Halafu usimwulize dalali, mwulize mlinzi. Mwaka 2016 dalali wetu alisema lifti zote mbili ni nzima. Mlinzi alituambia moja haijafanya kazi tangu Ramadhani, na akatuonyesha ngazi zilipo.