Kamera umenunua, kazi usiache

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi ya duka la vifaa vya ujenzi hapo Moshi ili upate muda wa kupiga picha, maana ukitoka ni saa moja na giza limeshaingia. Usiache. Mimi ni mhasibu, na mshahara ndio ulioninunulia lenzi.

Shida yako ni saa, si kazi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi huwa wazi alfajiri. Ikifika saa nne mawingu yameshaupanda mlima, na mtalii aliyechelewa kuamka anaondoka na picha ya ukungu. Amka saa kumi na moja, jua likichomoza uwe umeshasimama mahali palipo wazi. Saa mbili uko dukani, umeshamaliza yako.

Jumapili panda daladala hadi kijiji cha Materuni, ukaone maporomoko ya maji na kahawa iliyojificha chini ya migomba. Ila sokoni Mbuyuni omba ruhusa kwanza. Mimi niliwahi kufukuzwa na mama wa ndizi, na alikuwa na haki yake. Kesho yake nikanunua chane mbili, tukapiga soga, mwenyewe akasema, "Haya, piga basi."

Hiyo lenzi ya pili unayoitamani, subiri kwanza.