Litmasi haibadiliki kwa maji ya mvua na kisima

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wakipima maji ya mvua na ya kisima kwa litmasi (karatasi ya kutambua asidi na alkali) hawaoni tofauti; hapo hawajakosea kitu, litmasi ndo haifai kwa kazi hiyo. Inabadilika rangi kati ya pH 5 na 8 hivi (pH ni kipimo cha asidi na alkali, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), sasa maji mengi ya kisima, mto na mvua yanaangukia humohumo kwahiyo watoto wanaona rangi ya katikati isiyoeleweka wanadhani maji yote ni sawa. Tafuta karatasi za yunivaso indiketa, yaani zinazotoa rangi tofauti kwa kila pH, zenye chati ya rangi, zile za kipimo kifupi kama 5 mpaka 9 ndo nzuri zaidi.

Mvua safi kabisa huwa kama 5.6, ina asidi kidogo sababu inayeyusha kaboni dayoksaidi ya hewani, hiyo waambie kabla hawajaanza kusema mvua imechafuliwa! Ila mvua ina madini machache mno, kwahiyo chupa ikiwa na sabuni kidogo tu au majivu jibu linaharibika, suuza chupa kwa maji yaleyale unayopima, jaza mpaka juu, funga, pima siku hiyohiyo.

Na kama kuna mtu anaweza kukuletea maji ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, usiiache nafasi hiyo, yale yana magadi mengi pH inapita 9, darasa litaona tofauti kubwa hapohapo. Karatasi zikikosekana chemsha rozela kavu, juisi yake inakuwa nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye alkali, ila namba kamili haikupi.