Ni uzee tu, au anaumwa? Majibu kwa wenye mbwa wazee

Shikamooni madaktari. Simba wetu ana miaka 12. Siku hizi anakonda, anamaliza beseni zima la maji, na asubuhi miguu ya nyuma inagoma kunyanyuka. Majirani wanasema ni uzee. Kijana wa duka la dawa kaniuzia diklofenaki. Nimpe? (Mama, Nkuhungu)

Marahaba, mama. Usimpe hata nusu kidonge. Diklofenaki humtoboa mbwa tumbo hadi avuje damu, na kama figo zimeshachoka, inazimalizia. Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Panadol nayo si ya kukisia; dozi ikizidi huharibu ini na chembe nyekundu za damu. Ukiona kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami, hiyo ni damu ya tumboni, na ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.

Uzee humpunguzia mbwa mbio. Haumkondeshi wala haumpi kiu ya namna hiyo. Kinachokondesha kina jina lake: figo, kisukari, meno yaliyooza, uvimbe wa ndani, ugonjwa wa kupe. Tunasikitika kila tunapoletewa mbwa aliyekaa miezi na maradhi yanayotibika kwa sababu nyumbani walisema "kazeeka huyo".

Anza na maji. Saa kumi na mbili asubuhi mpimie lita 3 kwa jagi, funika ndoo nyingine zote, kisha kesho saa hiyohiyo pima yaliyobaki. Hewa ya Dodoma ni kavu na upepo hauishi, kwa hiyo weka beseni la pili linalofanana na hilo, lenye lita 3, mahali asipofika. Kilichopungua humo ni kilichokauka. Kitoe kwenye hesabu. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja hadi moja na robo kwa siku, joto likizidi huongeza kidogo. Akivuka lita 2, kinga mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi uupeleke kwa daktari kabla ya mchana. Tafadhali usimpunguzie maji ili asikojoe ndani. Figo zilizochoka haziwezi kubakiza maji mwilini, naye hunywa ili kufidia. Ukimnyima, unamuua.

Kisha mpandishe mdomo wa juu uangalie fizi. Zikiwa nyeupe kama karatasi badala ya rangi ya waridi, damu imepungua, na kwetu huku mshukiwa wa kwanza ni kupe. Ugonjwa huo ukiwahiwa hutibika kwa doksisaiklini, hata kwa mbwa wa umri huo. Uzito nao upimwe: panda kwenye mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kama ni mzito kwako, mizani ya kupimia magunia ya alizeti inafaa kabisa.

Maumivu ya viungo yana dawa yake, meloksikamu. Siku ya kwanza ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, siku zinazofuata 0.1, mara moja kwa siku, baada ya kula. Kwa mbwa wa kilo 20 ni miligramu 4, kisha 2. Kidonge cha binadamu cha miligramu 15 ni dozi yake ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hata hii haitolewi kabla daktari hajapima figo. Akitapika au akigoma kula, iache umpigie daktari.

Na kwa kuwa tuko kwenye mji wa zabibu: mbwa asile zabibu, mbichi wala kavu. Zinaua figo. Mwambie na mtoto anayemrushia.

Wangu hajainuka wiki mbili. Analala kwenye saruji, nyonga imechubuka na nzi wanamwandama. Kuna la kufanya? (Msomaji, Mpwapwa)

Lipo, na lianze leo. Saruji ndiyo iliyomla nyonga. Mfupa unabana ngozi, damu haipiti, nyama inaoza kuanzia ndani. Kidonda unachokiona juu ni mdomo tu wa shimo. Tafuta sponji ya godoro nene kiasi cha sentimita 10, livishe nailoni, juu tandika kanga chakavu unazoweza kufua kila siku. Mgeuze ubavu kila baada ya saa 3 au 4, usiku hata mara moja. Anapogeuka, msugue taratibu sehemu iliyokuwa chini.

Nyoa manyoya kuzunguka kidonda. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha mara mbili kwa siku, kausha kwa kugusagusa bila kufuta. Funza watoe kwa kibano mmoja mmoja. Usimwage petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Zote hupenya kwenye nyama iliyo wazi. Kidonda kikitoa harufu au ukaona mfupa, daktari aje.

Kwenda haja, kunja kanga mara mbili, ipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo, umnyanyue nyuma huku akitembea mwenyewe kwa miguu ya mbele. Dume, kanga isibane uume. Akikaa muda wa saa 12 nzima bila kukojoa, kibofu kinahitaji kukamuliwa, na hilo uonyeshwe na daktari kwanza.

Uji wa uwele wenye supu ya dagaa wasio na chumvi unateremka vizuri, mara tatu kwa siku, kifua kikiwa kimeinuliwa. Kitunguu usiweke, mifupa iliyopikwa usimpe. Juni hadi Agosti baridi ya usiku humkaza viungo, mfunike.

Mbwa mzee kabadilika ghafla kwa siku tatu, anatoa mate, hamezi. Ni koo? (Msomaji, Ipagala)

Usimtie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa kinaweza kuja hivyo bila ukali wowote, hasa kama hakuchanjwa. Mfungie, mwite ofisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali leo.

Wangu ana miaka 14. Daktari kasema figo zimekwisha. Vijana wanataka kumtilia sumu kwenye nyama. Nitajuaje kwamba wakati umefika? (Mzee, Kongwa)

Shikamoo mzee wetu. Sumu hapana. Ni kifo cha mitukutiko na maumivu, mbwa akiwa na fahamu zake, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani, aliweka kipimo cha mambo saba: maumivu na pumzi, kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja lipe alama 0 hadi 10. 10 ndiyo hali njema. Jumla ikizidi 35, bado ana maisha ya kutunzwa. Fanya kila Jumapili, uandike. Katikati ya wiki weka alama kwenye kalenda kila jioni: je, leo alitikisa mkia ulipoingia? Mhesabie pumzi akilala pia. Zikizidi 40 kwa dakika, na si kwa joto, anahangaika.

Wakati ukifika, daktari aje nyumbani. Atampa kwanza dawa ya usingizi, kisha, akishalala fofofo, sindano ya mshipa, kwa kawaida pentobabitali. Moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho yatabaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja au mbili za mwisho na kukojoa. Hayo si maumivu. Kaa kichwani kwake, mshike sikio, aisikie sauti yako.

Dawa hiyo hubaki kwenye mwili, na mbwa au fisi atakayeula atakufa. Chimba zaidi ya mita moja, mbali na kisima. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ni kama jiwe, hivyo mwagia maji mahali hapo jioni ya kuamkia siku hiyo, na ukishafukia panga mawe na matawi ya miiba juu.