Laki tatu kwa fomu ya udiwani? Futa kabla ya kikao

Mkuu, umeuliza ada ya fomu ya udiwani ndani ya chama chenu hapa Arusha mjini iwe shilingi ngapi, ilipwe lini, irudishwe au la, na akina mama wapunguziwe kiasi gani. Halafu ukamalizia: "tunafikiria laki tatu ili kuchuja wababaishaji." Hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Salamu utazipata siku nyingine.

"Kuchuja wababaishaji" nilisema mimi, 2015, maneno hayohayo, nikiwa katibu wa kata. Na nilipigiwa makofi.

Aliyenijaza ujinga huo ni jamaa mmoja wa suti ya kijivu, aliyejiita mshauri wa uchaguzi. Alituambia fomu ikiwa rahisi hata bodaboda atachukua. Tukacheka. Wakati huo waliokuwa wakituzungushia bendera bure mitaani ni haohao bodaboda! Akala nyama choma, akapewa nauli, akaondoka. Nikikutana naye leo namdai hata ile nyama.

Basi tukatoka elfu kumi tukapanda hadi laki mbili. Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, akaingia mama mmoja anayeuza ndizi soko la Kilombero. Kata nzima ilijua kwamba penye msiba yeye ndiye anashika daftari la michango, na hakuna aliyewahi kulalamika hata mia imepotea. Akafungua fundo la kanga juu ya meza yangu. Noti za elfu mbili, za elfu moja zilizolegea kama kitambaa, sarafu za mia mbili na za mia tano kazipanga vichuguu. Jumla 87,500.

"Kaka katibu, pokea hizi. Zilizobaki naleta Jumamosi, mzigo wa Marangu ukishuka."

Nikamwonyesha karatasi ya utaratibu. Mimi, ambaye siku hiyo mama huyo alikuwa ananidai hela ya ndizi za wiki mbili. Akafunga fundo lake, akaniambia haya kaka, akatoka. Bado nanunua kwake. Nalipa taslimu, na nyongeza sijawahi kuiona tena.

Tukabaki na wagombea wanne, nami nikawa natamba kwamba mchujo umefanya kazi. Mpaka usiku ninaandika ripoti ndipo naona malipo matatu kati ya manne yametoka namba moja ya simu, yamepishana dakika chache. Namba ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye jina lake halikuwa hata kwenye orodha! Wababaishaji tuliotaka kuwachuja walikuwa wamelipiwa wote kwa mkupuo. Aliyechujwa ni yule aliyekuja na hela yake mwenyewe.

Na haikuishia hapo. Siku moja kabla ya kura za maoni, wawili kati ya hao watatu wakajitoa kumpisha wa tatu, kisha wakaja kudai laki nne zao. Kisa? Karatasi yetu juu iliandikwa "ada", chini ikaandikwa "dhamana". Wakasema dhamana hurudishwa. Pesa ilishaishia kwenye spika, viti na dizeli. Laki moja na nusu ilitoka mfukoni mwangu, na mke wangu hadi leo ananiita Mheshimiwa Dhamana. Oktoba tukaanguka kata nzima, maana watu wa yule mama siku hiyo walikuwa na kazi za nyumbani.

Sasa sikiliza. Ada iwe kiasi ambacho muuza ndizi anaweza kukitoa kwenye faida ya siku moja bila kumpigia mtu simu. Ikizidi hapo, atalipa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye mtakayekuwa mmempitisha. Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine.

Serikali yenyewe 2020 ilitaka dhamana ya shilingi 5,000 kwa mgombea udiwani na 50,000 kwa ubunge. Nyie ngazi ya kata mnataka mara sitini ya msimamizi wa uchaguzi! Vukeni hapo Namanga muone: 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya ilimtoza mgombea wa bunge la kaunti shilingi 5,000 za Kenya, na wanawake, vijana na wenye ulemavu 2,500. Si hela ndogo, lakini angalau walikumbuka kwamba mifuko haifanani.

Mkitaka kuchuja, chujeni kwa miguu. Sheria inamtaka mgombea udiwani adhaminiwe na wapiga kura wa kata yake wasiopungua 10. Nyie ndani ya chama wekeni 50, kila mmoja na sahihi yake. Mbabaishaji hawezi kupanda vilima vya Moshono mlango kwa mlango kutafuta sahihi 50. Yule mama angezipata kabla ndizi hazijaisha mezani.

Najua utasema ofisi inadaiwa pango. Pigeni harambee kama watu wengine, fomu si kodi ya nyumba.

Kikao umesema Jumamosi. Futa hiyo laki tatu kwa kalamu, andika elfu kumi, halafu piga picha karatasi uiweke hapa nihakikishe "ada" na "dhamana" hayajalala ukurasa mmoja.