Samaki wa kupendezesha tenki la lita 80

Mkuu, kwa tenki la lita 80 ambalo tayari lina samaki wadogo wa neoni tetra na koridora, hao anjelfishi uliouliza kuwaongeza wapendezeshe tenki achana nao kabisa. Dukani wanauzwa wakiwa wadogo kama sarafu, wanavutia kweli, ila wakikua mwili unafika sentimita 15 na neoni wako wanageuka msosi, huyo samaki hana ubaya wowote ila chochote kinachoingia mdomoni anameza.

Mi badala yake ningechukua samaki anaitwa honi gurami, dume mmoja na jike mmoja, madume wawili kwenye tenki dogo watasumbuana tu. Hazidi sana sentimita 5, mpole, joto la digrii 25 au 26 linawafaa wote humo, na dume akianza kujenga kiota cha mapovu juu ya maji rangi inakolea dhahabu hadi raha. Weka majani yanayoelea maana ana aibu kidogo, na usijaze maji mpaka kwenye mfuniko, gurami anapanda juu kuvuta hewa.

Na mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, usijaribu kuwachanganya humo, ni wagomvi halafu wanataka maji magumu, yenye madini mengi.