Muulize Mama Ramani: Isukuti Haipandi Ghorofani

Swali: Mama Ramani, hujambo? Mimi ni mhadhiri wa fasihi katika chuo kimoja si mbali na Kisumu. Tumeahidiwa jengo jipya la ghorofa tatu: watu wa muziki, ngoma na maigizo, pamoja na sisi wa lugha, historia na falsafa. Mchoro wa kwanza umeweka chumba cha mazoezi ya ngoma juu kabisa ili wageni waone ziwa, na madarasa yetu chini yake. Nilipouliza kuhusu kelele niliambiwa kuta zitabandikwa sponji. Nimo kwenye kamati lakini sijui la kusema. Je, nina sababu ya kuogopa?
*Mwalimu wa Fasihi, Kisumu*

Jibu: Unayo, Mwalimu, tena kubwa. Nenda kwenye mkutano ujao na jambo moja tu: isukuti haipandi ghorofani.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya. Seti kamili ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wenyewe huziona kama baba, mama na mtoto. Huyo baba ndiye atakayekufukuza darasani. Mlio wake ni mzito, wimbi lake lina urefu wa mita kadhaa, na wachezaji ishirini wakikanyaga pamoja mshindo hauishii hewani. Unaingia kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, unashuka na nguzo, unatokea kwenye dari lako. Ukiweka kiganja mezani utauhisi kabla hujausikia. Na usikubali mtu akuambie basi isukuti ihamishwe nje ya chuo. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ni kwenu itakapofundishwa.

Sponji haitakufaa. Kunyonya sauti ni kazi moja na kuizuia ni nyingine, ila watu huzichanganya kila siku. Sponji, zulia, mapazia, hata zile trei za mayai ambazo vijana hugundisha kwenye studio zao nyuma ya duka, hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Jirani anaendelea kusikia. (Na trei za mayai zikishika moto, mtakanyagana mlangoni.) Kinachozuia sauti ni uzito na pengo: ukuta mzito, nafasi, kisha ukuta wa pili usiougusa wa kwanza, na mlango mzito unaofunga hadi chini bila kuacha upenyo.

Kwa hiyo ngoma zishuke, zikae juu ya ardhi, upande wa mbali kabisa na madarasa. Katikati muweke stoo za ala na mavazi, ngazi, vyoo, yaani vyumba visivyodai kimya. Hapo pakatwe pengo jembamba kuanzia msingi hadi paa, ili kwa kweli yawe majengo mawili yaliyo jirani. Sakafu ya wachezaji iwe mbao zilizoinuliwa juu ya boriti zenye vipande vya mpira chini yake. Kuruka kila siku juu ya terazo iliyomwagwa kwenye simiti kunaumiza miundi.

Na ziwa? Pandisheni maktaba na ofisi zenu, mlitazame nyinyi. Falsafa haina ngoma.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo ni paa. Miaka mingi iliyopita nilichora ukumbi wa shule moja upande wa Kakamega. Mabati bila dari, kwa sababu pesa ziliisha nami nikakubali. Siku ya mashindano ya mashairi, mvua ya saa tisa ikaja kama kawaida yake. Msichana wa darasa la sita alikuwa katikati ya ubeti. Midomo iliendelea kucheza, mkono ukapanda, mkono ukashuka, na sisi tulioketi safu ya pili hatukupata hata silabi. Alimaliza shairi lote, akainama, akatoka. Majaji wakabaki kutazamana. Tangu siku hiyo sijachora mabati matupu juu ya jukwaa. Juu ya ukumbi wenu daini slabu, na ikishindikana, mabati yenye pamba ya mawe (nyuzi za mwamba zinazonyonya sauti) chini yake, kisha dari zito lililoning'inizwa kwa vishikio vya mpira.

Ukumbi wenyewe una hesabu yake. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia huko Harvard, alipewa kazi ya kuponya chumba cha mihadhara ambamo neno moja liliendelea kulia kwa sekunde tano na nusu. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapiga filimbi ya kinanda, akapima muda wa sauti kufa, halafu akairudisha mito kabla ya asubuhi. Kanuni aliyopata bado tunaitumia: ujazo wa chumba zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kila kilichomo. Tuseme ukumbi wenu una viti 300, na ni mita 20 kwa 15 kwa 7, plasta na terazo tupu. Nimepiga hesabu: ukiwa hauna mtu, kama sekunde kumi. Ukijaa, kama mbili. Kwaya itazifurahia hizo mbili, lakini mwigizaji anataka moja. Dawa ni mapazia mazito kwenye reli, yatandazwe siku ya tamthilia na yakunjwe siku ya kwaya. Mikeka ya mafunjo iliyoachiwa nafasi nyuma yake husaidia kidogo na inapendeza, ila ipakwe dawa ya kuzuia moto.

Mwisho, joto. Ukifunga madirisha kwa sababu ya kelele, saa nane mchana wanafunzi watayafungua, na pesa yote ya kuta itapotelea hapo. Hewa ipitishwe kwenye vijia vyenye kona vilivyotandikwa pamba: hewa inapinda, sauti inakwama. Sura ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, ambako hapa kwetu karibu na ikweta veranda yatosha kulikinga jua. La magharibi huingia hadi chini ya meza.

Swali: Mama, mimi ni mwanafunzi wa usanifu kutoka Nakuru. Nimechora ukumbi wa duara, nikiiga nyumba za jadi. Mwalimu ameukataa. Kwa nini?
*Mchoraji, Nakuru*

Jibu: Mwanangu, nyumba ya jadi ni ndogo, tena paa lake ni la nyasi, linalonyonya sauti. Wewe umejenga kwa simiti, na ukuta wa simiti uliopinda huikusanya sauti mahali pamoja kama dishi la televisheni. Waliojenga Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa 1871, walipata mwangwi uliowasumbua hadi 1969, waliponing'iniza visahani vikubwa chini ya kuba. Duara libaki nje. Ndani, uvunje ukuta kwa pembe na mbao zilizochomoza. Kisha nitumie mchoro wa pili wenye vipimo, maana ule wa kwanza hauonyeshi hata milango inafungukia upande gani.