Kwa nini bamvua hufuata Mwezi, si Jua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima mwani Paje, na kazi yetu huenda na bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana. Mwanangu wa kidato cha tatu kaniambia vitu vyote huvutana, na kikubwa huvuta zaidi. Nikamuuliza: mbona basi maji twayahesabu kwa Mwezi, na Jua ndilo kubwa? Kanyamaza.
Mama wa mwani, Paje

JIBU: Marahaba. Mwanao kasema nusu. Nusu aliyoiacha ni umbali. Newton aliiandika mwaka 1687: umbali ukiwa mara mbili, uvutano hubaki robo, ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Jua lina maada mara milioni 27 ya Mwezi, lakini liko mbali mara 390. Zidisha 390 kwa 390, upate kama 152,000, kisha gawanya milioni 27 kwa hiyo. Hupati chini ya 170! Yaani hata umbali ukishalipunja, Jua bado linaivuta Dunia kuushinda Mwezi, tena kwa mbali. Swali lako limezidi ugumu. Nami nilifundisha miaka mingi kabla mwanafunzi mmoja hajanibana papo hapo.

Maji hayajai kwa sababu yanavutwa, bali kwa sababu hayavutwi sawasawa. Dunia ina upana wa kilomita 12,700 hivi. Mwezi uko kilomita 384,000 tu, kwa hiyo upande unaouelekea huvutwa karibu asilimia 7 zaidi ya upande wa nyuma. Maji ya mbele huitangulia Dunia, ya nyuma huachwa. Ndiyo maana bahari hujaa mara mbili kwa siku. Kwa Jua, lililo kilomita milioni 150, upana wa Dunia si kitu: tofauti haifiki sehemu 2 kwa 10,000. Lakini sehemu hiyo ndogo ni ya ule uvutano mkubwa wa Jua, uliozidi wa Mwezi mara 170 na ushei; ukihesabu tofauti hivyo, Mwezi hulishinda Jua zaidi kidogo ya mara mbili.

Jua nalo halikai bure. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili huvuta katika mstari mmoja, mkapata bamvua. Ukiwa nusu, Jua huvuta ubavuni, na hayo ndiyo maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, vigingi vyenu vikabaki majini.

Mwanao mpe hili: Mwezi hukaribia hadi kilomita 363,000 hivi, kisha huenda hadi 405,000. Akupigie hesabu kwa nini bamvua moja hutoa maji hadi mwambani, na jingine likawaacha mkisubiri.